Sikuwa Daktari

Bweri, Jumapili jioni

Skola mwanangu,

Habari za sweta, soksi na chandarua umeshaambiwa na shangazi zako mpaka masikio yamechoka, na mimi sirudii. Umekwenda Nyegina kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachilia mpaka ule ugali na samaki furu wa kukaanga na uombewe rozari nzima. Kwa hiyo nimepata muda wa kukaa peke yangu hapa sebuleni na kalamu. Nina jambo moja tu. Wiki nzima nimejaribu kulisema kwa mdomo, na kila nikikukaribia naishia kukuuliza kama umekula.

Kesho alfajiri baba yako mkubwa Magesa atakuwa stendi. Ameapa leo hii, ndani ya nyumba hii, kwamba atalishusha begi lako kwenye basi la Moshi kwa mkono wake mwenyewe. Ukimkatalia, atakutobolea jambo fulani juu yangu mbele ya makondakta na wauza karanga, ili ushindwe kupanda. Jambo lenyewe ni la kweli. Nimemwambia mimi, kwa kinywa changu, leo mchana. Lakini haki ya kukwambia wewe siyo yake, ni yangu, na simpi.

Unajua tayari wanachogombania. Ulipata nafasi mbili, ya utabibu na ya viungo bandia, ukachagua kwenda Moshi kujifunza kutengeneza miguu na mikono ya watu waliokatwa. Ukoo haujapata usingizi tangu siku hiyo. Baba mkubwa anasema miaka mitatu tu tungekuwa na daktari wetu kamili, na badala yake tunasomesha seremala. Leo kaja na ile barua ya utabibu uliyoikataa, sijui kaipata wapi, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na akaiweka mezani kama mtu anayeweka hati ya shamba.

Sasa nikueleze huyo daktari wanayemlilia alianzia wapi. Alianzia kwangu.

Nilipoanza kazi hospitali ulikuwa bado mgongoni. Mhudumu wa wodi: kufagia, kupiga deki, kumwaga mabeseni, kubadilisha mashuka, kufuta vitasa vya milango. Krismasi ya kwanza nilitoka shifti nikaunganisha moja kwa moja kwenda Butiama, sare ikiwa bado mwilini, na bibi yako mzaa baba akaniona naingia uani akapiga kigelegele, eti daktari wetu amefika. Unawajua watu wa kwetu. Ukishapita geti la hospitali kwa mshahara wewe ni daktari, hata mlinzi wa pale getini akienda kwao likizo anaulizwa dawa ya tumbo. Ningewaambia hapana, mimi nafagia, wangecheka na mambo yangeishia hapo. Mimi ndiye niliyecheka. Nikanyamaza, nikapokea kiti.

Sitaki unihurumie, nakwambia tu nilivyokuwa. Hapa Musoma nilikuwa naitwa wewe wa deki. Nesi ambaye ningeweza kumzaa alikuwa ananipigia kelele mbele ya wagonjwa kwa sababu ya tone la maji sakafuni. Halafu nashuka kwenye gari Butiama, wanaume wenye ng'ombe zao wananiamkia kwanza, wananivutia kiti, wanasubiri niongee. Nilikipenda kile kiti, Skola. Nilikipenda kupita kiasi.

Basi nikawa kila nikienda nabeba mfuko. Bandeji, spiriti, ile dawa ya zambarau ya vidonda, na vidonge vya rangi mbili vya kununua dukani. Watu walikuwaga wanapanga foleni nyuma ya nyumba ya bibi yako, karibu na zizi. Nilikuwa napasua rangi mbili, ule unga naunyunyizia juu ya kidonda, nafunga bandeji vizuri kweli kweli maana manesi nilikuwa nawaona wanavyofunga. Na watu walipona. Vidonda vya mtu mwenye afya vingi vinapona vyenyewe, hilo sikulijua, nilidhani ni mkono wangu. Wakasema nina mkono mwepesi. Nikaamini.

Ulikuwa darasa la tatu, baba yako mdogo Wambura alipokanyagwa na ng'ombe pale josho, kwenye kidole gumba. Kidonda kidogo tu. Akaja kunionyesha, akakaa mbele yangu, akanyoosha mguu, akasema, "Shemeji, cha ajabu hakiumi."

Nikafurahi. Nikamwambia kama hakiumi basi kinapona.

Kila nikipata ofu nilikwenda. Nikapasua rangi mbili, nikanyunyizia, nikafunga. Mke wake akanitania kwamba mumewe siku hizi anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na usiku hawalali kwa safari zake za nje. Tukacheka wote, na Wambura mwenyewe akacheka, suruali ikimpwaya kiunoni. Wewe sasa hivi umesoma mstari huu umeshajua ni sukari, ungejua hata kabla hujaenda chuo. Na mimi, wodi niliyokuwa naifagia ilikuwa na watu wa sukari, wamelazwa upande wa madirishani, na wengi wao walikuwa hawana mguu. Miaka minane nimepitisha ufagio chini ya vitanda vyao. Sikuwahi kumwuliza mtu hata mara moja kwa nini wamelala pale.

Kuna siku Wambura aliniuliza kama aende zahanati. Nikamwambia nani huko atakuangalia kuliko mimi. Maneno yangu hayo, sijayatia chumvi.

Kidonda kilipofika kifundoni kilikuwa cheusi, na nilipofungua bandeji nikaisikia harufu ambayo nilikuwa naiosha kila asubuhi kazini. Hapo ndipo nikaogopa. Tukakodi gari tukamleta Musoma, na kesho yake nikaingia shifti kama kawaida, wodi ileile. Daktari wa zamu akaja kumwona, akauliza nani amekuwa akimwekea huyu unga kwenye kidonda. Nilikuwa nimesimama miguuni kwa kitanda, deki mkononi. Wambura akanitazama. Halafu akatazama juu.

"Mimi mwenyewe, dokta," akasema. "Shemeji yangu alinikataza, sikumsikia."

Nikaendelea kupiga deki. Skola, nikaendelea kupiga deki.

Walimkata chini ya goti. Butiama nzima ikapata habari kwamba Wambura alimkaidi daktari wa ukoo, akajitia kujua, akajiponza. Mpaka leo mtoto mkaidi pale anaambiwa angalia mguu wa Wambura. Na mimi nikazidi kupewa kiti. Nilipoona siwezi tena kushika kidonda cha mtu nikawaambia kazini wamekaza sheria, haturuhusiwi kutibu nje. Huo nao ulikuwa uongo, nikauongeza juu ya ule wa kwanza. Miaka kumi na moja yule mwanaume amekuwa mjinga wa kijiji kwa niaba yangu, na hajawahi kunidai hata soda.

Halafu ukaja wewe. Ulipomaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, ukaniomba uje na mimi kazini. Matroni akakubali kwa sharti usiguse kitu. Wenzako wanajua hospitali ina daktari na nesi, basi. Wewe ukaanza kugonga milango. Ukaenda kwa dada wa maabara, kwa kaka wa mionzi, kwa mfamasia, kwa mkunga, kwa fundi wa mashine za oksijeni, mpaka masijala kwa mzee wa mafaili, na kila mmoja ulimwuliza anafanya nini akifika asubuhi, alisomea wapi, na kitu gani kwenye kazi yake hakipendi. Nakumbuka mkunga alisema hapendi ndugu wanaokuja kugombania jina la mtoto kabla hata kondo la nyuma halijatoka. Dada wa maabara alisema anachukia kitu kimoja tu, daktari asiyesoma majibu yake. Jioni tukirudi Bweri ulikuwa unanisimulia yote hayo njiani, na mimi niliyekaa mle karibu umri wako wote ndiyo nilikuwa najua kwa mara ya kwanza kilichopo nyuma ya milango niliyokuwa nafuta vitasa.

Nilikuonea wivu. Naandika hivyo hivyo, wivu. Mtoto wa miaka kumi na saba anauliza bila aibu, na mama yake alipitisha miaka minane akiogopa kuonekana hajui.

Wiki ile ya mwisho akaja fundi wa viungo kutoka Mwanza, na korido ikajaa watu na magongo yao. Baba yako mdogo alikuwa kwenye foleni. Mguu wake wa bandia ulikuwa haumkai tena, alikuwa ameujaza vipande vya kanga ndani usichezecheze. Fundi akakushikisha ule mguu, akakueleza kwamba kigutu kinasinyaa mwaka hadi mwaka lakini plastiki haisinyai, kwa hiyo mtu aliyekatwa anahitaji fundi wa kumrudia maisha yake yote. Ukamwuliza mafundi kama yeye hapa kwetu Mara wako wangapi. Akacheka tu, akachukua mguu wa mtu mwingine. Nilikuona usoni pale pale, nikajua umeshachagua, na kidato cha tano na cha sita vilikuwa njia tu ya kufika huko.

Nikaingia chooni nikalia. Ulidhani ni homa.

Sasa ya leo. Jana nilimpigia Wambura nikamwambia nataka kusema. Nikawa nasikia ng'ombe nyuma yake. Akasema, "Sema tu, shemeji. Na mimi nimechoka." Akakata.

Baba mkubwa alifika baada ya misa ya pili. Akaongea kwa upole, lazima niseme ukweli, hakuja kwa fujo. Akasema mimi ndiye ninayepaswa kumwelewa kuliko wote. Kwamba Wambura alinikaidi kwa sababu nilikuwa nusu daktari, na angekuwa daktari kamili asingethubutu. Kwamba leo mtoto wa nyumba hiyo hiyo amepata nafasi ya kuzuia miguu isikatwe, naye anachagua kwenda kuichonga ikishakatwa. Baba yako akainamisha kichwa. Unamjua, hapendi kugombana na kaka yake.

Nikasimama. Nikasema, "Wambura hakunikaidi. Alinitii, ndiyo maana hana mguu."

Nikawaeleza yote niliyokueleza hapa, na ya rangi mbili, na ya deki. Nilidhani nikimaliza atanyanyuka aende zake na ubishi uishe, maana daktari waliyekuwa wanajivunia hayupo na hakuwahi kuwepo. Thubutu. Baba mkubwa akasogeza kikombe cha chai pembeni, akasema kwamba basi ndiyo kabisa. Ndiyo kabisa tunahitaji daktari wa kweli, na mtoto wa aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Utakwenda utabibu kwa ajili ya mguu wa ndugu yake, na ndipo ukoo utanisamehe.

Hapo hasira zikanipanda mpaka nikaona ukuta unacheza. Nikamwambia kwetu mtu akimwumiza mtu hutolewa ng'ombe, na kama kuna ng'ombe wa kutoa anidai mimi, nitamtoa, nitampeleka mwenyewe kwa Wambura nikiwa natembea kwa mguu kutoka hapa mpaka Butiama watu wakinitazama. Lakini mwanangu si ng'ombe wa fidia. Hapelekwi zizi la mtu. Nikamwambia pia sijaomba msamaha wa ukoo. Wakamwombe Wambura msamaha kwanza, wao waliomcheka miaka kumi na moja, ndipo waje kuniuliza mimi habari za kusamehewa.

Akaweka barua yake ndani ya kitabu cha nyimbo, akasema tutaonana stendi. Baba yako alitoka nyuma yake, akashika njia ya mwaloni, kwenye mitumbwi, hajarudi. Hakunitazama. Miaka yote hii na yeye alikuwa hajui. Hilo ni langu na yeye, wewe lisikucheleweshee safari.

Najua utaniuliza kama najuta kusema. Sijuti. Najuta kuchelewa. Na sitaki ufikiri najuta kufagia. Kufagia wodi si aibu, mwanangu, na siku nikistaafu nitainua kichwa kwa hilo, kwa sababu hakuna daktari aliyewahi kumponya mtu kwenye wodi chafu. Aibu yangu ni kwamba nilikuwa na kazi ya kweli mikononi nikaitupa, nikaenda kuvaa ya mtu mwingine. Neno lililonishinda kutamka lilikuwa dogo tu: sijui. Ningemwambia Wambura sijui, twende tukaulize, leo angekuwa anakimbiza ndama.

Huko uendako kuna siku mtu atakuita daktari. Mama mmoja tu, amechoka kusubiri, atakushika mkono, na utaona jinsi neno lile lilivyo tamu. Mwambie jina la kazi yako. Ukiona kitu hukijui, mpeleke kwa anayejua, hata kama atakudharau, hata kama siku hiyo foleni yote itakuona mdogo. Na wanaokwambia umechagua kazi ya chini waulize wao hospitali wamegonga milango mingapi. Wewe umeigonga yote. Hakuna mtu katika ukoo huu, wa kiume wala wa kike, aliyewahi kuchagua kitu kwa kuuliza kama ulivyouliza wewe, na mimi simruhusu mtu aliyekaa tu kwenye kigoda chake aje akuchagulie.

Kuna jambo linalonitisha kuliko baba yako mkubwa. Nimeogopa kwamba ukishajua, utaanza kudhani unakwenda Moshi kwa ajili ya kosa langu. Kwamba kila mguu utakaoutengeneza utakuwa unanisafisha mimi. Nimelifikiria hili sana, ndipo nikaona kitu kilichonipa nguvu ya kuandika: ulichagua kabla hujajua. Ulishika ule mguu korido ukiwa hujui ulitokana na kosa la nani, ukauliza swali lako, ukapenda kazi yenyewe. Uchaguzi huo ni msafi. Magesa hana sehemu ndani yake, na mimi sina. Usikubali mtu yeyote auguse kesho, hata akisema anamtetea baba yako mdogo. Hata nikiwa ni mimi nalia.

Umempenda Wambura tangu ukiwa mtoto wa kubebwa, yeye ndiye aliyekufundisha kukamua. Najua mstari ule wa deki utausoma mara mbili. Huenda ukishamaliza hutataka kuniona, na sitakwambia hiyo siyo haki yako. Sikuandika ili unionee huruma, na wala sikuandika unisamehe. Nimeandika ili kesho mtu akifungua mdomo stendi, akute hana jipya la kukwambia.

Nitaiweka barua hii juu ya begi lako, uisome ukirudi. Sitakuuliza umesema nini moyoni. Basi linaondoka saa kumi na mbili, na mimi nitasimama pale kwenye mlango wake toka saa kumi na moja, na Magesa akitaka kufika kwenye begi lako itabidi anisukume mimi kwanza mbele za watu. Nitakuwa nimesimama hapo hapo utakapopita. Ukitaka kunipita bila kuniaga, nipite. Lakini panda.

Mama yako.